Muzee wa Ulaya Niliyemudhamini

Mukicheka, wasomaji wangu, mucheke polepole, maana mutaa wetu wote wa Mapendo bado unanicheka mimi, mwenye diplome ya masomo ya jioni.

Kikundi chetu cha kujitolea kinatengeneza programu ya wazi ya kompyuta, ya bure kwa wote, ya kuandikisha watoto wa chanjo kule Kanyaruchinya. Majina yalikuwa yanapotea njiani kabla ya kufika kwenye hifadhidata, na watoto wanarudi nyumbani bila sindano. Nikaleta maktaba ya kodi, yaani maagizo ya kompyuta yaliyo tayari, ya kuunganisha programu na hifadhidata, iliyoandikwa na watu wa kujitolea kama sisi.

Lakini kwetu kitu cha mugeni hakiingii bila mutu wa kukidhamini. Papa Bahati, kiongozi wetu, akauliza, "Nani anamujua aliyeiandika?"

"Mimi!" nikaruka. "Ni muzee wa Ulaya, ndevu mpaka kifuani. Tunaandikiana kila juma. Kodi yake nimeisoma yote, mara saba!"

Mama Neema, aliyekuja kwetu siku hiyo kwa mara ya kwanza kutoka Munigi, akainua mukono, akanigeukia mimi. "Papa, na huyo muzee anaendelea namna gani?"

"Ni magoti tu yanamusumbua," nikajibu.

"Pole yake." Akageuza kompyuta yake ili wote waone. "Maktaba muiingize, nitawasaidia. Tuliiandika mimi na wenzangu. Ila kuna barua moja sijaijibu."

Kwenye kioo, chini ya jina langu kamili, iliandikwa: "Muheshimiwa, nisaidie. Sijaelewa hata mustari wa kwanza."