Ile Nne Niliyoiandika

Mwenzangu, umewahi kukabidhiwa kipaza sauti ukasahau hata jina la mama yako? Mimi yalinikuta Jumamosi moja ya juzijuzi, mchana kweupe, katika ukumbi wa shule pale Lushoto mjini. Kuna vijana wana mtindo wa kuwaita watu wa sayansi waje kusimulia maisha yao mbele ya watu, bila picha ukutani wala majedwali, mdomo mtupu. Kazi yangu ni kusoma kumbukumbu za mvua, nikasema hilo halinishindi. Nilikuwa nimejiandalia kisa cha kuchekesha cha gari letu lililonasa kwenye tope. Kisha nikamwona mzee aliyeketi safu ya mbele, fimbo katikati ya magoti, kofia ya sufu kichwani. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la sita. Kisa cha tope kikaniruka. Kikabaki kimoja tu, ambacho sikuwahi kumwambia mtu, na niliyemdanganya katika kisa hicho ni yeye.

Shule yetu ilikuwa upande wa Lukozi, juu kabisa, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila hodi. Tulikwenda kila mmoja na kuni zake kwapani, vidole vimekufa ganzi, tumboni viazi vya kuchemsha na chai ya mchaichai. Mwalimu alitoka Tanga mjini na baridi ilimtesa, lakini alikuwa na kitu alichokipenda kuliko koti lake: kipimamvua, mkebe wa bati wenye faneli juu na chupa ndani, umezungushiwa waya nyuma ya ofisi. Akanichagua mimi. Kila siku saa tatu, kengele ikigongwa, nilitoka darasani peke yangu, nikamimina maji ya chupa kwenye kipimo cha kioo, nikaandika milimita kwa penseli katika daftari kubwa. "Andika ulichokiona," alisema, "usiandike unachokitaka." Nilivimba kichwa, na wenzangu wakaniita Mama Mvua.

Bibi yangu, aliyenilea, hakupendezwa. Bibi hakuwahi kuhesabu kuku wake kwa sauti, na sisi wajukuu alitutaja kwa majina bila kusema tuko wangapi. Kitu kikihesabiwa, alisema kwa Kishambaa chake cha polepole huku akichambua maharage, kinajua kuwa kinatakiwa, basi kinakwenda zake. Na mvua ina wenyewe. Enzi za wazee wake ilitafutwa Vuga, kwa wafalme wa Kishambaa, haikutafutwa kwenye mkebe. Nilicheka. Nilikuwa msomi, bwana.

Mwaka ule mvua za vuli zikakataa. Nikaandika sufuri, kesho yake sufuri, na wiki baada ya wiki sufuri, zikajipanga kurasa mbili. Maharage ya bibi yakajikunja majani. Kisimani tulipanga foleni na ndoo kuanzia alfajiri, na makande tuliyapika bila maharage, ambayo si makande tena, ni mahindi yenye huzuni. Jirani yetu, aliyelima kwenye mteremko juu ya njia, akanisimamisha siku moja. "We mtoto, bado unaziandika hizo sufuri zako?" Alikuwa anatania, lakini mimi nilikumbuka maneno ya bibi.

Tangu hapo nikaiogopa kengele ya saa tatu kuliko viboko. Niliamini kabisa kwamba ni mimi ninayeinyima milima maji kwa penseli yangu. Asubuhi moja nikainua faneli: chupa kavu, imeingia hata vumbi. Nikatazama huku na huku. Nikaandika nne. Kumi ingekuwa tamaa. Nne ilikuwa ya adabu, ya kuibembeleza mvua tu.

Siku ya tatu ikanyesha.

Bibi alitoka kukinga maji na masufuria yote ya nyumbani, anacheka, anamshukuru Mungu, ananiita nije nione. Mimi nilikuwa nimejificha chini ya blanketi. Ilinyesha siku hiyo, na ya pili yake, na ya tatu. Wiki haikuisha, mteremko wa jirani ukakatika, shamba na matuta yake yote yakashuka bondeni. Mwenyewe alisalimika, alikuwa msikitini. Alisimama pale ukingoni, matope mpaka magotini, akasema, "Mvua hii imeitwa." Wala hakunitazama. Lakini nilijikojolea, darasa la sita, mkubwa hivyo.

Hayo ndiyo niliyoyasimulia pale ukumbini. Leo najua vizuri mvua inatoka wapi. Kilichonitisha ni yule mzee. Kwa watu wa kazi yetu, namba ya uongo hata moja ni tone la mafuta ya taa kwenye maziwa, na nilikuwa nimesikia kwamba kila darasa lililonifuata alilisimulia habari za binti yake wa mvua, asiyekosea wala kudanganya.

Nikamaliza. Mwalimu akainuka taratibu.

"Shikamoo mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Siku ile nilipita pale kabla ya kengele, nikainua faneli. Chupa ilikuwa kavu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikuweza. "Sasa mwalimu, mbona hukunichapa?"

Akaegemea fimbo yake. "Nilikuwa nimekodi kishamba kule bondeni, nimepanda maharage. Kifutio nilikishika, binti yangu. Nikaogopa kuifuta ile nne."

Bibi alishatangulia mbele ya haki, bila kujua. Mkebe haupo, ile ofisi imejengwa upya, na daftari, mwalimu aliniambia tukiwa mlangoni, lililiwa na mchwa, sufuri za kweli pamoja na nne yangu. Watoto wa Lukozi siku hizi wanaitazama mvua ya kesho kwenye simu ya baba, kisha wanarudi kucheza. Mimi kazi bado inanipeleka kwenye vipimamvua vya milimani. Kiangazi kikirefuka, nikakuta chupa kavu, naandika sufuri, kama nilivyofundishwa. Naiandika, lakini kwanza natazama huku na huku, kama siku ile.