Jivu la Sidi na Kutu ya Daktari

Jua la Gongoni limeshatoka lakini bado halijaanza kuuma. Nje ya kibanda cha bati, pembeni mwa mashamba ya chumvi, Mama Sidi Dzombo amechutama mbele ya beseni la maji ya mvua. Mkononi ana kipande cha chuma chekundu, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Hakisugui. Anakitumbukiza, anakitoa, anakitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe amwogeshe, halafu anakilaza juani kwa ncha za vidole.

"Nikisugue mimi?" asema, na hakuna aliyemuuliza. "Bora nisugue jicho langu."

Sidi anaosha vyombo vya kibanda hiki tangu kilipojengwa, mwaka 1984, miaka sita sasa. Kabla ya hapo alikuwa akibeba chumvi kwa kichwa, kazi iliyomchubua nyayo na kumlipa pesa ya sukari. Hapa anapata shilingi mia sita kwa mwezi, na kivuli bure.

Mwenye kibanda ni Daktari Mwaura, mtu wa bara, asiyejua hata kupiga sindano.

"Daktari jina tu," asema Batuli, mwuza mahamri wa hapo langoni, mzaliwa wa Lamu. "Mgonjwa wake ni kutu."

Na kweli, kutu ndiyo kazi. Daktari huchoma vipande vya chuma tanurini mpaka viote ngozi nyembamba ya kutu, akavitia kwenye maji ya magadi, akaviunga kwa waya, akavielekeza juani. Kutu hiyo hupitisha umeme nusunusu: si mkarimu kama shaba, si bahili kama kigae. Jua likiipiga, umeme huamka ndani yake, na maji yakapasuka kuwa hewa mbili. Moja ni haidrojeni, hewa inayowaka, ambayo huenda siku moja ikachemsha chai bila kuni wala moshi.

Taabu ni kwamba kutu ni mvivu. Umeme mwingi hufia ndani kabla ya kufika majini. Basi Daktari huichanganya na vumbi la madini mengine, huipika upya, huijaribu nene, huijaribu nyembamba. Mpaka leo inashikwa mkono na betri ndogo. Anachotaka ni betri iondoke, jua libaki peke yake.

Hayo yote Sidi ameyajua mwaka huu. Zamani alikuwa akiambiwa neno moja tu: osha.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, ikaja habari ya wageni: wakubwa kutoka Nairobi na wenzao wa ng'ambo, watakaoamua kibanda kiendelee au kifungwe. Sidi akafanya alilofundishwa na mavyaa wake, mama mzaa mumewe, alipokuwa bi arusi. Mgeni hapokewi na chombo cheusi. Kwao mke hupimwa kwa kitako cha sufuria. Akafagia uwanja, akasugua mabirika, akasugua hata bawaba za mlango. Ndipo akaviona vile vipande kwenye sinia, vyekundu, vya kumtia mtu aibu. Daktari mwenyewe alikuwa amekwenda Malindi kuwalaki wageni.

Akachota jivu, akachanganya na mchanga, akatafuta kumbi la nazi.

"Viling'aa, jamani," asema, na kwa kitambo kidogo uso wake wasahau kuona haya. "Ungeweza kuhesabu meno yako."

Wageni wakaja, wakapangwa kwenye viti. Vipande vikatiwa majini, jua kali, waya tayari. Maji yakatulia tuli kama ya mtungini. Wageni wakatazama maji, wakatazama saa zao, wakamtazama Daktari. Daktari akatoa kipande kimoja, akakigeuza, akauona uso wake mwenyewe ukimtazama.

"Nani amevisafisha hivi?"

Mwingine angenyamaza. Sidi alidhani anatafutwa apewe sifa. Akajifunga leso vizuri, akajitokeza mlangoni, akajibu ili hata wa nyuma wasikie: "Ni mimi, daktari! Tena kwa jivu!"

Akasimama pale akitabasamu, akingoja asante.

Mgeni mmoja wa ng'ambo akauliza mama huyu asemaje. Akafasiriwa. Akacheka mpaka akavua miwani afute macho, na wengine wakamfuata. Daktari peke yake hakucheka. Alikaa na chuma chake pajani kama aliyeletewa maiti.

Na Sidi naye akacheka, kidogo, kwa adabu.

"Wangenitukana ningewajibu," asema, akitazama beseni. "Lakini nilicheka nao. Sikujua kwamba kinachochekwa ni mimi."

Kibanda kikaongezewa mwaka mmoja tu, wa majaribio. Sidi akaenda zake nyumbani, asirudi. Kisimani akaitwa Bi Jivu, wanawake wakamwomba awasugulie meno kwa jivu lake. Akahamia kisima cha mbali. Nyumbani hakugusa tena kumbi. Sufuria zikawa nyeusi ndani na nje, na mumewe, Mwambire, akala wali wenye masizi, mpaka siku moja akauliza kama sufuria nazo zasubiri kupigwa na jua.

Daktari ndiye aliyemfuata. Akaketi kwenye kigoda, akapewa chai ndani ya kikombe cha kutisha.

"Mama Sidi, rudi kazini."

"Naona haya, daktari. Niingie na uso gani?"

"Na mimi je? Miaka yote nakuambia osha, osha, na sikukuambia hata siku moja unaosha nini. Nilidhani hutaelewa." Akapiga funda moja, akakaza uso. "Aibu yangu ni kubwa kuliko yako."

"Basi tugawane," Sidi akamwambia.

Amerudi, lakini sasa kila kitu huuliza kwanza. Kufuli la lango limeota kutu, naye ameshauliza mara mbili kama nalo lina kazi.

Leo ni zamu ya kipande kipya, na mwaka wa majaribio unakaribia kwisha. Batuli ameacha karai lake, amekuja kuchungulia.

"Shoga, una hakika hukukisugua?"

"Nenda, mafuta yako yanaungua."

Daktari anaunga waya. Hapana kitu. Sidi anatazama vidole vya miguu yake. Kisha, upande wa haidrojeni, povu moja linajishikiza, dogo kama yai la chawa. La pili. Mara uzi mzima unapanda. Daktari anapunguza nguvu ya betri; mapovu yanapungua, lakini hayakatiki. Vile vya mwaka jana, asema, hata bila kusuguliwa, hapo vingekuwa vimeshakata tamaa.

"Nani amekisafisha hivi?" anauliza kwa mzaha.

Sidi anafungua kinywa. Batuli anamtangulia.

"Bi Jivu!" Batuli anajibu, na wote wanacheka. Sidi naye anacheka, leso mdomoni, macho chini. Safari hii anajua kicheko ni cha nini.

Wageni watarudi mwezi ujao. Sidi amepanga kusimama mlangoni pale pale.

"Yule wa miwani akija, naomba aniulize tena," asema. "Nitamwambia ni mimi, kwa maji matupu. Sauti ikikataa, nitamwonyesha mikono."

Kazi ikiisha anapitia kwenye jiko la Batuli, anachota gao la jivu na kulifunga kwenye ncha ya leso. Daktari anamtazama bila kupepesa macho.

"La nyumbani hili," Sidi anawahi kumwambia. "Mwambire amechoka kula masizi."