Mjomba Kasomewa Fatiha, Naye Kaitikia Amin

Jamani, leo hapa Kibiti nimemwombea dua marehemu aliyekaa kiti cha pembeni yangu!

Yalikuwa maonyesho ya picha za zamani za kikundi chetu cha maigizo.

Picha moja, Mjomba Seif kalala kwenye jeneza, kavikwa sanda, uso wazi. Kwenye igizo lile yeye ndiye alikuwa maiti.

Mgeni rasmi hakuuliza mtu. Kaitazama, kavua miwani.

"Ndugu zangu, tumsomee Fatiha mzee wetu huyu."

Ukumbi mzima ukainua mikono. Namgeukia Mjomba, na yeye kainua!

"Mjomba, si useme upo?"

"Nyamaza wewe. Nikiwa hai nimeomba bati za ukumbi huu mpaka nimechoka. Ngoja tuone maiti atapewa nini."

Wallahi, mgeni rasmi kaahidi palepale: ukumbi utaezekwa upya, kwa heshima ya marehemu.

Aliyepiga makofi kuliko wote ni marehemu mwenyewe.

Sasa ndugu zangu wa Kibiti, nawaomba. Mkikutana naye sokoni msimwite jina kwa sauti, mpaka bati zifike.