Barua Yangu kwa Kambale Ikawa Wimbo wa Misa

Afazali niwaelezee hii habari mwenyewe, juu najua Mama Kavira wa soprano anaielezaka na kuongeza chumvi, eti nilizimia mbele ya altare. Sikuzimia. Nilitamani kuzimia, Mungu akakataa. Haya, muanze kucheka, mukimaliza munisikilize.

Munajua mimi ndiye sekretere wa korale yetu ya kanisa pale Katindo, na munajua nyimbo zetu zilikuwa mu makaye ya marehemu Papa Gervais aliyetuongoza zamani, madaftari yaliyoliwa na unyevu mpaka ukifungua moja unakohoa. Mimi ndiye niliyekuwa nanakili upya zile zilizooza. Basi Papa Anselme, muzee anayetuongoza sasa, akasema tuziweke zote kwenye wiki (ni site ambayo kila mutu wa korale anaweza kufungua, kusoma na hata kusahihisha, popote alipo), juu nusu ya waimbaji wetu wametawanyika, wengine Butembo, wengine Kampala, na akitaja Kampala mimi natazama chini.

Kampala ndiko aliko Kambale. Kambale wangu, yule wa sauti ya base. Nasema "wangu" kwa kujipa moyo tu, maana hatukumuambia mutu hata mumoja. Alikuwa ananisindikiza kisha mazoezi, na siku moja alinipeleka Lac Vert, kando ya ziwa, tukakula mahindi ya kuchoma, baridi ikanishika, akavua shati yake ya bluu akanifunika, nami nikarudi nayo kwetu. Kisha kazi yake ikaisha, akaenda Kampala kutafuta nyingine. "Miezi mitatu tu, Masika, narudi." Ni miaka miwili sasa. Mwanzoni tulikuwa tunaongea kila siku, kisha ikawa "Bonjour, uko bien?", kisha kimya. Nilikuwa namutamani mpaka nikisikia mwanaume anakohoa kwa sauti nzito barabarani ninageuka.

Basi siku moja nikamuandikia barua mu kaye ya korale, juu sikuwa na karatasi nyingine. Juu kabisa niliandika "Kambale, rudia nyumbani" na kupiga mstari chini yake. Halafu nikapanga yote ninayoyakosa, kila moja na kamstari kake mbele. Mwisho nikaandika "R/ mbio, nangojea", R/ ni réponse, jibu, vile tuliandikaka shuleni. Nikaipiga picha nimutumie, woga ukanishika, nikachana barua. Picha sikufuta. Ilibaki mu telefone pamoja na picha za nyimbo nilizokuwa napiga kwa ajili ya wiki.

Sasa site ya kubadilisha picha kuwa maandishi ni ya bure, unaifungua mu navigateur ya telefone, unaitupia picha, inasoma maandishi, inakurudishia document yenye alama za wiki tayari: alama mbili za sawasawa kila upande wa kichwa, nyota mbele ya kila mstari wa orodha. Nilikuwa na picha zaidi ya makumi sita, Papa Anselme anazitaka mbele ya mazoezi ya siku ya posho, yaani jumamosi, na mimi nikajiambia kuchagua moja moja ni kazi ya watu wasio na kazi. Nikabonyeza "tout sélectionner", chagua zote. Ni hapo tu, jamani. Kidole kimoja!

Tena muone maajabu: nyimbo za marehemu zilitoka zimeharibika, "Bwana utuhurumie" ikawa "Bwawa utuhurumie", lakini barua yangu, kwa ule mwandiko masista walionifundisha kwa fimbo, haikukosewa hata herufi moja. Vimistari vyangu vikawa nyota kama beti za nyimbo nyingine zote. Nikapandisha kila kitu kwenye wiki bila kusoma, nikaenda zangu kupika sombe.

Siku ya posho nafika nimechelewa, nakuta Papa Anselme ameshika telefone yake, macho yanang'aa.

"Masika, mutoto wangu, hii uliikuta wapi? Ni kitu kikubwa! 'Kambale, rudia nyumbani'!"

Nikanyoosha mukono nichukue ile telefone.

"Papa, hii..."

"Ni mwana mpotevu!" Akageukia waimbaji. "Munaona hekima ya marehemu Gervais? Mu Evangile, mu Injili, baba alikuwa na watoto wawili, na aliyepotea ni wa pili. Mutoto mwanaume wa pili, kwetu Wanande, anaitwa nani?"

"Kambale!" korale nzima ikajibu.

Walikuwemo Kambale sita mule ndani, wote wakachekelea. Kakule, yule anayepiga ngoma, akainua mukono. "Papa, ila hapa wanasema mahindi ya Lac Vert. Mwana mpotevu alifika Lac Vert?"

"Ni inculturation hiyo, Injili kuvaa nguo za kwetu," Papa Anselme akamujibu kwa ukali. "Wewe unafikiri Yesu anaongeaka na Wayahudi peke yao?"

Ningesema pale pale, mambo yangeishia pale. Lakini niseme nini? Nikasema tu, "Ndiyo, Papa, nilinakili mu kaye ya marehemu," nikamubebesha mufu wa watu barua yangu ya mapenzi. Na kwa kuwa R/ mu makaye yetu ya nyimbo ni refrain, kiitikio, basi refrain ikawa "Mbio, nangojea, mbio, nangojea", kwa sauti nne, na kupiga mikono. Kisha Papa akasema aliyeiokoa mu unyevu ndiye ataimba peke yake beti zote, kesho, misa ya pili, juu kesho ni dimanche, jumapili ya Evangile ile ile.

Kesho yake kanisa limejaa, mama yangu amekaa kwenye benchi, banki ya tatu, na kitambaa chake kipya. Nikaanza. Beti ya kwanza ikapita. Mu beti ya pili sauti ikaanza kutetemeka, juu zile zilikuwa kweli maneno yangu, na sikuwa nimeyatamka hata siku moja kwa kinywa, na sasa nayatamka mbele ya watu wote isipokuwa yeye. Machozi yakaanguka. Watu wakafikiri ni Roho Mutakatifu, mama mumoja akapiga vigelegele. Nikafika beti ya tatu:

"Shati yako ya bluu ningali nayo, sijaifua, isipoteze harufu yako."

Na mama yangu, mama aliyenizaa, akasimama banki ya tatu na kusema kwa sauti kama yuko sokoni:

"Aaah! Ndiyo ile shati ya chini ya matela ya kitanda chako!"

Weee! Kanisa lilicheka mpaka padri akajifunika uso na kitabu. Wanawake wa wale Kambale sita wakageuka wakati moja, kila mumoja anamutazama wake, na mumoja alikuwa amekwisha kuvua kiatu. Papa Anselme maskini akavua miwani, akasoma tena telefone yake toka juu mpaka chini, akanitazama, akatikisa kichwa. Lakini hakuacha kuongoza, na korale haikuacha, walikuwa wanaendelea tu nyuma yangu, "Mbio, nangojea," na mimi nimesimama katikati na aibu yangu.

Juma nzima niliapa kwa Mungu na kwa wake za watu kwamba Kambale wa barua hayuko mu korale. "Ni Kambale gani basi?" Nikawaambia sombe yangu inaungua. Ila nitawaambia ukweli: chini ya ile aibu yote kulikuwa na furaha kidogo, juu mutu alirekodi wimbo akauweka kwenye wiki, na nilijua siku moja Kampala watafungua. Nilikuwa naangalia telefone kama mugonjwa anayengojea matokeo ya damu.

Siku ya kumi na moja akanitumia ujumbe wa sauti. Kambale mwenyewe. Nikajifungia, nikasikiliza.

"Masika! Nimecheka mpaka nimelia, wananieleza uliimbia mutu misani. Wimbo ni muzuri sana, kweli. Ila uniambie mimi, siri yako naifichaka: huyo Kambale ni gani? Yeyote yule, ana bahati."

Mahindi aliyasikia. Shati aliisikia. Hakujitambua.

Nikamuandikia: "Humujui." Nikatuma mbio, mbele ya moyo kubadilika.

Kwa hiyo "tout sélectionner" sibonyezi tena mu maisha yangu, picha nachagua moja moja kama mutu anayetoa mawe mu maharagwe. Na nyinyi mukipenda Munande, muandike jina lote, mpaka lile la ubatizo, Kambale ni wengi. Ile sauti yake sijaifuta. Ni base ile ile, haikubadilika hata kidogo, na mara ngapi nimeisikiliza, musiniulize.