Karatasi ya Sita

Mhudumu wa stesheneri pale Masasi alikuwa ameshaniambia "tayari, dada," na mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga mkoba. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka, nami nilikuwa na daraja la kwanza la Fizikia, Jiografia na Hisabati, jambo ambalo ndugu wa mama yangu walilitangaza harusini na hata misibani. Kwa akili yangu, kuomba chuo kulikuwa ni kuingiza namba ya mtihani, kuchagua kozi na kubonyeza. Ndipo yule kijana akateremsha ukurasa, akakunja uso.

"Subiri kwanza. Hii usanifu majengo ina viambatisho vyake."

"Viambatisho gani tena?"

"Soma mwenyewe."

Nikasoma nimesimama, kisha nikaomba kiti. Waombaji wa kozi hii ni wengi na nafasi ni chache, waliandika, kwa hiyo ufaulu peke yake hautoshi. Walitaka karatasi sita kubwa zilizochorwa kwa mkono, bila kompyuta. Nne za nyumba moja ambayo watu wanaishi ndani yake, iliyopimwa na mwombaji mwenyewe, kila ukuta na kila tundu la dirisha. Ya tano iwe ya chombo kinachotumika katika nyumba hiyo. Ya sita iwe ya mkazi wa nyumba hiyo, asiwe mwombaji, apimwe kweli akiwa amesimama, ameketi na amelala, kisha aweke sahihi au dole gumba kwamba amepimwa. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na moja.

Nilishtuka hata nikamfokea yule mhudumu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema, na kwa nini kozi nyingine hazina mambo hayo, na watu wa huko wanadhani sisi tumefundishwa kuchora na nani. Shuleni kwetu vifaa vya kuchorea vilifungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mwalimu aliyehamishwa tangu nikiwa kidato cha tatu.

"Kwani mimi ndiyo chuo?" kijana akaniuliza kwa upole. Nikaona haya. Nikanunua karatasi, penseli na rula ndefu kuliko zote alizokuwa nazo, na kesho yake asubuhi nikapanda basi la Newala.

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya mji wa Newala, kwa babu mzaa mama, ambako mimi na mama tunaishi. Ulikuwa msimu wa mikorosho kutoa maua, na kila shamba lilikuwa na ngurumo ya mashine ya kupulizia dawa ya salfa. Baridi ya huko juu wakati huo si ya mchezo. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma hadi hukioni choo cha jirani, na mimi vidole vilinikakamaa kwenye penseli.

Nyumba yenyewe aliijenga babu kwa mikono yake, miti na udongo, zamani ikiwa na paa la nyasi na sasa la bati. Kwa kuwa sikuwa na futi ndefu, nilichukua kamba ya nailoni, nikaifunga fundo kila mita moja kwa kutumia futi ya cherehani ya mama. Babu aliniangalia nikizunguka kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuvumilia ya nne.

"Nke wangu, nyumba yangu inauzwa nini?"

Kwetu babu na mjukuu ni watani, ananiita mke na mimi namwita mume, na hakuna neno linaloweza kuwakosanisha. Angalau ndivyo nilivyoamini.

"Inauzwa, mume wangu. Wewe utabaki na kitanda."

"Basi kipime na hicho kitanda, nisije nikapunjwa."

Alinisaidia siku tano mfululizo. Alishika ncha ya kamba kwenye kona, akasema "vuta!" kama vile tunafunga ng'ombe. Wakati huo ndipo nilipojua kwamba nyumba ile hakuijenga kwa futi wala kwa mita. Vyumba alivipima kwa hatua zake, madirisha kwa mkono wake hadi kwenye kiwiko, na mlango kwa kusimama mwenyewe na kuongeza shubiri moja. Nilipomsimamisha mlangoni kumpima kwa ajili ya karatasi ya sita, juu ya kofia yake palikuwa na nafasi ya karibu shubiri mbili. Alitazama juu, akacheka, akasema mlango umekua. Nikacheka naye, nikaandika urefu, kisha nikamketisha kwenye kigoda nikaandika na wa kukaa.

Ilibaki kulala tu, na siku tatu mbele yangu.

Mchana ule babu alikula ugali wa muhogo kwa kisamvu, akaswali adhuhuri, akajilaza kwenye kitanda chake cha kamba barazani. Jirani wa upande wa chini alikuwa anapuliza salfa na upepo ulikuwa unatuletea vumbi lake, kwa hiyo babu akajifunika shuka lake jeupe kuanzia miguuni hadi usoni. Haukupita muda akapitiwa na usingizi. Mimi nilikuwa nimekaa na karatasi ya sita magotini. Nilimwona kanyooka vizuri kabisa, bila kukunja goti wala kulala ubavu, nikaona huu ndio wakati. Kwa nini nimwamshe mzee? Nikachukua kamba, nikaweka ncha moja utosini, nikaivuta hadi kisiginoni, nikafunga fundo. Kisha nikainama kupima mabega.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa kwetu haambiwi. Mtu akiwa amesimama, fundi cherehani anampima na hakuna anayejali. Lakini mtu aliyelala chali, amefunikwa shuka jeupe, hupimwa mara moja tu. Mmoja wa ndugu huchukua mwanzi au kamba, hulaza kuanzia kichwani hadi miguuni, na kile kipimo hupelekwa kwa vijana wanaosubiri na majembe. Waislamu na Wakristo, wote ni hivyo. Na mimi nilijua. Nilikuwapo bibi alipopimwa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilijua, ila kichwa changu siku hiyo kilikuwa na yale maneno ya chuo peke yake: amesimama, ameketi, amelala.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anakuja kurudisha ungo. Alikata kona ya nyumba akaniona nimeinama na kamba juu ya lile shuka. Ungo ulianguka. Sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwa mtu aliye hai, na kabla sijageuka alikuwa ameshakimbia njiani, mikono kichwani, akilia jina la ukoo wetu.

Mashine ya salfa ya kwanza ikazimwa, halafu ya pili, halafu ya mbali kule, na ghafla mtaa mzima ukawa kimya, na katika ule ukimya vilio vikaanza kusogea. Mama, aliyekuwa jikoni uani, alitoka mbio na mwiko mkononi. Aliona shuka, akaniona mimi, akaona kamba. Akakaa chini palepale kwenye vumbi kama aliyekatwa miguu.

"Mama, yuko hai!" nikapiga kelele. "Amelala tu! Namchora!"

Hakunisikia. Wanawake walikuwa wameshaingia uani, kanga zimefungwa kiunoni, wengine wameshajitupa chini. Wanaume walikuja na nguo zao za shambani, nyuso zimejaa unga wa njano wa salfa, na mmoja alikuwa ameshashika jembe. Ndipo shuka likasogea. Babu akaketi taratibu, akajifuta mdomo, akatazama umati.

"Amekufa nani?"

Wapo waliorudi nyuma. Yule jirani aliyeanza kilio alijifunika uso kwa kanga na kuanza kutetemeka, na hadi leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Babu aligeuza kichwa kwangu kwa ajili ya jibu, kama kawaida yake, tayari kwa utani. Akaiona kamba. Aliliona fundo jipya, akalifuata kwa macho hadi ncha ya pili, kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

Nilisubiri acheke. Wallahi nilisubiri. Huyu ndiye mzee aliyewahi kumwambia shehe kwamba huko ahera atauliza kwanza bei ya korosho. Nilijua atasema neno moja tu, watu wote watavunjika mbavu, na mimi nitamalizia mabega. Lakini kidevu chake kilikuwa kinacheza, na ushanga wa tasbihi mkononi mwake ukawa unagongana.

"Choma," alisema.

"Babu, ni kwa ajili ya chuo, ni ile karatasi..."

"Choma kamba. Na hiyo karatasi. Choma mbele yangu."

Hakuniita mke wake. Nilikwenda jikoni nikaleta kaa la moto kwenye kifuu, na mbele ya majirani wote nikachoma kamba, ambayo ilinuka vibaya, kisha nikachoma karatasi ya sita ikiwa na babu aliyesimama na babu aliyeketi. Nilishtuka kuliko siku ile ya stesheneri. Miaka yote nilidhani utani wake juu ya kifo ni kwa sababu hakiogopi.

Watu walitawanyika wakinung'unika. Mama nilipomwomba apimwe yeye badala ya babu, aliniangalia kwa namna ambayo sikurudia swali. Niliwaza kubuni vipimo, lakini dole gumba la nani ningeweka? Nikarudi Masasi na karatasi tano. Kijana wa stesheneri akazipakia moja moja kwa uangalifu mkubwa, mfumo ukazikubali, na pale chini pakaandikwa kwamba maombi yana upungufu. Tukatazamana. Akasema labda hawataona.

Waliona. Majibu yalikuja kwa ujumbe wa simu nikiwa uani napepeta mahindi: sikuchaguliwa, viambatisho havikukamilika. Nilisoma mara tatu. Nililia kidogo, kisha nikaosha uso nikaenda barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wamekuchukua?"

"Hawakunichukua. Wamesema alama zangu za Hisabati ni ndogo."

Aliitikia kwa kichwa. Alinipa pole, akasema Hisabati ni ngumu kweli, yeye mwenyewe ilimshinda darasa la nne. Nikaona nimemaliza vizuri. Lakini mama yangu hana siri tumboni, na jioni ileile nilimsikia jikoni akimweleza jirani kilichoninyima chuo, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi barazani. Kesho yake na kesho kutwa yake babu akawa anakula nusu ya chakula. Nilikasirika na mama, nikakasirika na chuo, na zaidi nikakasirika na mimi mwenyewe, kwa kuwa sasa tulikuwa wawili tuliobebeshwa mzigo mmoja.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, aliniita. Alikuwa amevaa kanzu safi. Kitanda alikuwa amekitoa mwenyewe hadi katikati ya uwanja, kwenye mwanga, mahali ambapo kila anayepita njiani angeona. Mkononi alikuwa na kamba mpya ya mkonge.

"Lete karatasi zako."

"Babu, muda umepita. Dirisha la maombi limefungwa."

"Mwaka kesho halifunguliwi?"

"Linafunguliwa."

"Basi lete. Mwaka kesho nnaweza nisiwepo, na hao watu wako wanataka dole langu." Akapandisha miguu kitandani, akalala chali, bila shuka. "Macho nitayaacha wazi. Jirani akipita aone kwamba nnaona."

Nilileta karatasi. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikaweka ncha ya kamba kwenye utosi wake, nayo ikaniponyoka mara mbili. Yeye hakusogea. Alikuwa amenyooka kabisa, mikono ubavuni, macho angani, midomo imebanwa, kifua hakipandi wala hakishuki. Nilifika kiunoni, nikafika magotini, nikafika visiginoni na kufunga fundo, na bado alikuwa ameshikilia ile pumzi moja.

"Babu," nikamwambia, "pumua."