Mshale Uliokosea kwa Adabu

Pudentienne hakuwa mtu wa kushindwa na kitu chenye mshale. Mpe saa ya ukutani iliyonyamaza tangu enzi za Wabelgiji, mpe mizani ya kahawa yenye kutu: ataifungua, ataipuliza, ataisema vibaya kwa Kirundi, na kabla ya chakula cha mchana itatembea. Ufundi aliurithi kwa baba yake kule Buyenzi, Bujumbura, alikokulia. Alipoolewa Kigali na Silvère, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na bisibisi sita ndani ya sanduku la harusi. Mashemeji walicheka. Walicheka mpaka saa zao zilipoharibika, ndipo wakaanza kuja mmoja mmoja, wamezificha mfukoni.

Basi Agosti ya 1992, mwezi ambao redio ilitangaza kuwa bunduki za kaskazini zimenyamaza na watu wakathubutu tena kupanga mambo ya Jumamosi ijayo, Johnson alishuka hadi kibanda cha Pudentienne, bondeni Kimisagara, akiwa amekumbatia boksi la sabuni. Johnson alikuwa Mganda mwenye mvi, makanika wa ndege ndogo pale uwanja wa ndege wa Kanombe, na alikuwa na leseni ya kurusha pia. Ndani ya boksi mlikuwa na dashibodi nzima ya ndege ya viti viwili, ndege iliyomzidi Pudentienne umri: kipimo cha mwendo, cha mafuta, dira, saa, na vingine ambavyo hata jina hakuvijua. Vioo vimepata ukungu, namba zimebanduka, mishale imeganda.

Johnson akaeleza. Ndege ni ya chama cha watu wanaopenda kuruka, imelala miaka mitatu. Bamba jipya la dashibodi keshalikata, redio mpya ataifunga mwenyewe mahali pa ile ya zamani iliyokuwa nzito kuliko abiria. Lakini vipimo vinataka mkono wenye subira. Mkaguzi atakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akiipitisha, Jumamosi ndege itaruka, na fundi wa vipimo atakaa kiti cha pili. Asipoipitisha, chama kimechoka: itakatwa na kuuzwa kwa kilo.

Na mnunuzi alikuwa yupo tayari, tena ukuta kwa ukuta na kibanda cha Pudentienne: Ntare, myeyusha alumini, bingwa wa masufuria. Kila asubuhi alichungulia dirishani akauliza hali ya mgonjwa. Alisema atamtengenezea mama sufuria kubwa kutoka ubawa wa kushoto, bure, kwa ujirani mwema. Pudentienne alimwambia akachunge makaa yake. Alikuwa amekwenda Kanombe kuitazama ile ndege, rangi imepauka, magurudumu yamelegea, imeinamisha pua kama kuku aliyenyeshewa, na akaipenda papo hapo. Wazo la kuja kukoroga ugali ndani yake lilimtia uchungu wa kweli.

Akafanya kazi, jamani, akafanya kazi. Saa ilitembea siku ya kwanza. Dira akaijaza mafuta mapya aliyoletewa na Johnson, ikaacha kizunguzungu. Namba akazipaka moja moja kwa unywele wa brashi, ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Wiki mbili zikaisha, vipimo vyote vimepona, isipokuwa kimoja.

Hicho kilikuwa na mishale mitatu, na Johnson alimwambia tu kwamba kinaonyesha ndege iko juu kiasi gani, kwa futi. Pudentienne alikisafisha, akakifunga, akakiweka mezani: kikaonyesha zaidi ya elfu nne. Akaguna. Meza iko chini, na chini ni chini. Akaing'oa mishale kama afanyavyo kwa saa, akairudisha kwenye sifuri, akakitia kikapuni na kupanda nacho nyumbani, kilimani Rebero, ili alale nacho karibu. Kufika, kinasema elfu moja. Akakitukana. Akakirudisha sifuri pale pale juu ya kitanda. Asubuhi, kibandani Kimisagara, mishale imerudi nyuma ya sifuri. Akarekebisha tena. Jioni, elfu moja tena!

Mchezo huo ulikwenda siku sita. Chakula hakikupita. Silvère alisema mke wake anaota futi. Ntare naye akaanza kunoa msumeno, na alihakikisha anaunoa mlangoni ambapo jirani atamsikia.

Jumatano jioni, yaani siku mbili kabla ya mkaguzi, alikaa kitandani kakishika kile kidude mapajani, akalia kidogo. Silvère alimletea chai na kumuuliza kinakosea vipi. Akamjibu kwa hasira kwamba kinakosea vile vile, kila siku, elfu moja kamili akipanda, elfu moja kamili akishuka. Akalisikia alilolisema. Baba yake alikuwa na neno: saa mbovu hukosea ovyo ovyo. Hiki kilikuwa kinakosea kwa adabu.

Alhamisi hakugusa bisibisi. Alikiweka kwenye sifuri mbele ya kibanda, akakishika mkononi kama sahani ya chai, akaanza kupanda kwenda nyumbani kwa miguu, macho hayabanduki kwenye kioo. Watu wakampisha, wakidhani ana jambo na akili yake. Mia moja. Mia tatu. Penye mteremko mshale ulishuka naye, penye mwinuko ukapanda naye. Mlangoni pake Rebero, elfu moja. Akacheka peke yake hadi mbwa wa jirani akabweka. Hakipimi meza, mpumbavu mimi, kinapima mlima!

Akaenda Kanombe moja kwa moja, vumbi mpaka magotini. Johnson alikitazama: karibu mia tatu. Uso ukamwanguka.

"Pudentienne, ulichezea mishale?"

Pudentienne angeweza kusingizia boksi la sabuni. Hakusingizia. Alisema niling'oa mimi, kwa mkono wangu, mara kumi na mbili, kwa sababu nilidhani ardhini ni sifuri.

Johnson akakaa juu ya gurudumu. Akamweleza kwamba hesabu haianzi ardhini, inaanza baharini. Hapa uwanjani ni futi elfu nne mia nane na tisini kabla ndege haijawashwa. Rubani akiruka na sifuri ya Kimisagara ndani ya wingu, ataona elfu moja, ataamini ana nafasi ya futi elfu chini yake, na kilima kitampokea.

"Sijawahi kuiona bahari, Mzee Johnson," akasema.

"Nayo haijakuona. Lakini ndiyo inakupima." Kisha akamsogezea bisibisi. "Rudisha. Mishale ni yako."

Pudentienne akaichukua. Akaweka elfu nne mia nane na tisini, akafunga, akakagua mara tatu.

Ijumaa mkaguzi, mtu mkavu aitwaye Mutsinzi, alikipitisha kila kipimo kwenye mashine yake ya hewa, akaandika kwa saa mbili. Mwishoni aliuliza ni karakana gani ya Nairobi iliyofanya kazi hii. Johnson akamwonyesha mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye ndoo, na mkaguzi akatia sahihi. Ntare aliposikia alijidai amekasirika, kisha akaja na sufuria mpya ya zawadi, akaapa kwamba haina hata chembe ya ndege.

Jioni hiyo Silvère, mwalimu ni mwalimu tu, alipiga hesabu kwenye daftari, akachukua chaki na kuandika juu ya mlango wao futi zake kutoka baharini: 5,600.

Jumamosi saa mbili asubuhi ndege ilikimbia, ikaruka ruka, ikaliachilia vumbi la Kanombe. Pudentienne alifumba macho, akasali, akafumbua. Mbele yake dashibodi yote ilikuwa hai, namba nyeupe alizozipaka mwenyewe, na ile mishale mitatu inapanda taratibu. Elfu tano. Elfu tano na mia tatu. Johnson akapinda kulia. Elfu tano na mia sita.

Akageuza shingo kabla ya kuambiwa. Pale ng'ambo, si chini wala si juu, bali sawa kabisa na macho yake, palikuwa na kilima cha Rebero, nyumba yenye bati jekundu, na mwanamume anapunga shuka la kitanda kwa mikono miwili, karibu aanguke.

"Mzee Johnson," akasema, machozi yanamtiririka akicheka, "tuko mlangoni kwangu."