Swichi Niliyoisugua kwa Limau

Aibu yangu bora niiseme mwenyewe, maana hapa Kilwa Masoko kila mwanamke aliyekuwepo kwenye maulidi yale anaisimulia, na kila mmoja anatia chumvi yake.

Mimi ni fundi umeme, mwanamke (ndiyo, tupo, acheni kushangaa), na wakati huo nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, natafuta jina. Huku kwetu mama akiwa peke yake nyumbani hapendi kumwingiza fundi wa kiume mpaka vyumbani, kwa hiyo swichi inaoza hadi mume arudi safari. Shangazi Somoe akaliona hilo, akaniambia, "Jumamosi nina maulidi ya wanawake. Swichi ya feni sebuleni inatoa cheche. Njoo uitengeneze wakiwepo, wakuone kwa macho yao."

Basi nikazima meni swichi, ile ya umeme wa nyumba nzima, nikafungua, ndani kutu ya kijani tupu, hewa ya bahari imeshakula shaba. Dawa yake naijua: unakata waya wote ulioliwa, unavuta mwingine, unaweka swichi mpya (na mpya ninayo kwenye begi!). Lakini sebule imejaa, joto limewabana, wote wananitazama mimi, nikataka sifa za haraka. Nikaomba limau na majivu jikoni, nikasugua kama bibi anavyosugua sinia zake za shaba, ikang'aa, nikafunga ingali na majimaji. Feni zikazunguka. Vigelegele! Nikapita katikati yao polepole, bisibisi mkononi, utadhani bibi harusi.

Kaswida ya pili haijaisha, harufu ikaanza. "Nani kaunguza samaki?" Shangazi akakimbilia jikoni kumgombeza mpishi (aliyepika pilau ya nyama, maskini), na mimi, niliyejua fika kwamba swichi ikiungua hunuka vilevile, nikajifanya naitikia kaswida kwa sauti. Mara ukutani paa! Moshi, feni kimya, na bibi mmoja aliyeegemea pale akaruka, akatua mapajani mwangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu akanong'ona, "Si aitwe fundi mwanamume?" Hapo nikasimama.

"Shikamooni, mama zangu. Mpishi hana kosa. Ni mimi, nimelipua kazi. Naomba nusu saa."

Nikazima meni, nikakata waya wote ulioliwa, nikavuta mpya, nikafunga swichi mpya, nikapima mara mbili. Feni ziliporudi nilikaa palepale, kiganja ukutani nikisikilizia joto, mpaka maulidi yakaisha.

Wakati wa kuagana, yule bibi aliyeniangukia mapajani akanishika mkono. "Mwanangu, kwangu utakuja lini?"

"Bibi, pamoja na yote haya?"

"Wanaume wameniunguzia swichi mara mbili. Hakuna hata mmoja aliyesema ni yeye."

Naapa, limau kazini sitaligusa tena. Lakini nyumba ya yule bibi, chumba kwa chumba, nyaya zake nimezivuta mimi.